Mbavu Ishirini na Saba

Jumatatu, 3 Juni 1957

Kazi ya tangi la hoteli imekwisha. Kiungo cha chini bado kinatoa jasho, kesho nitakikaza. Mvua tangu saa nane. Buti zimelowa.

Jioni Ramji, mwenye karakana yetu hapa Nakuru, ameniita. Kuna kazi Elburgon, hospitali ndogo ya misheni. Wanataka chumba cha watoto wachanga kipashwe joto kwa maji: boila nje, mabomba, rejeta ukutani. Wenzangu wamecheka. Rejeta wanayoijua ni ya lori, ya kupoza. Nikawaeleza kwamba kazi ni ile ile, kutoa joto kwenye maji na kulitupa hewani. Kwenye lori unalitupa nje, kwenye nyumba unalitupa ndani. Hawakusikiliza. Karakana nzima ni mimi peke yangu niliyewahi kuunganisha moja, jeshini, kwenye wodi ya maofisa.

Kile chumba nakijua. Mwaka jana nilikuwa fundi wa boila kwenye kiwanda cha mbao kule juu, na mke wangu Rasoa alijifungulia humo miezi miwili kabla ya wakati. Mtoto wa kiume. Aliishi siku tatu. Nimeandika, yatosha.

Jumanne, 4 Juni

Kiungo kimenyamaza.

Nimemwambia Rasoa naenda Elburgon kwa kazi ya mabomba. Akauliza jengo gani. Nikasema hospitali. Akaendelea kumenya viazi. Alivimenya vyote, hata vya kesho.

Alhamisi, 6 Juni

Treni ya asubuhi. Kituoni askari alitoa kila spana sandukuni, akasoma barua ya Ramji mara mbili, akauliza ufunguo mrefu ni wa nini. Nikasema wa kuunganisha rejeta. Akauliza lori liko wapi. Nikarudisha spana sandukuni. Siku hizi za Hali ya Hatari ukibishana na askari unalala ndani.

Elburgon ukungu mpaka saa nne. Harufu ya mbao mbichi.

Sista, Mzungu anayesimamia hospitali, amenipokea mwenyewe. Kiswahili chake ni cha kitabu, kila neno limepigwa pasi. Alinikumbuka. Akanionyesha chumba, ambacho kwa sasa hakina mtu. Vitanda vinne vya akina mama. Visanduku vya watoto chini ya dirisha. Kuta za mbao. Juu ni mabati matupu, hakuna dari. Ukilala chali unaona ncha za misumari. Jiko la makaa huwekwa mchana na kutolewa watu wakilala, kwa kuogopa hewa yake.

Msimu wa baridi uliopita, amesema, watoto waliozaliwa kabla ya wakati hawakupona hata mmoja. Hataki msimu wa pili wa namna hiyo. Anataka digrii sabini na tano za Farenhaiti, usiku na mchana, kabla Julai haijashika.

Mwili wa mtu una tisini na nane. Mtoto wa ratili tatu au nne hawezi kuzitunza peke yake. Chumba lazima kimsaidie. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Ijumaa, 7 Juni

Bwana Pelham amekuja. Ni settla, mlowezi mwenye shamba upande wa Njoro, mjumbe wa kamati ya hospitali, na yeye ndiye aliyetoa rejeta kutoka nyumba yake ya zamani. Ina mbavu kumi na nne, yaani vipande vya chuma vinavyounganishwa kimoja kwa kimoja, vyote vizima. Nashukuru.

Alifika saa saba mchana, jua limetoka. Akasimama katikati ya chumba mikono kiunoni, akavuta hewa.

"Kumi na nne tosha. Hapa si Ulaya."

Yaani ana mbavu kumi na nne, kwa hiyo chumba kinahitaji mbavu kumi na nne. Hesabu ya namna hiyo hata kuku anaiweza. Sikusema hivyo. Nilisema nitapima.

Sipendi mtu anayekisia. Sijawahi kupenda.

Jumamosi, 8 Juni

Juzi nilitundika themometa nje ya ukuta wa kaskazini. Saa kumi na moja na nusu alfajiri: arobaini na tatu. Jana saa ile ile: arobaini na moja.

Nalala kwenye stoo ya kuni. Tabitha, mkunga wa hapa, ameniletea blanketi la pili bila kuulizwa. Mama wa makamo, ana sauti ya kuamrisha ng'ombe. Anasema alikuwapo siku zile za mtoto wetu. Nikasema najua. Akasema, "Mama yake hajambo?" Nikasema hajambo.

Si kweli. Sijui kama ni kweli.

Jumapili, 9 Juni

Alfajiri: thelathini na nane. Julai ni mbaya kuliko Juni, kwa hiyo nimetoa mbili. Nje: thelathini na sita. Ndani: sabini na tano. Tofauti: thelathini na tisa.

Watu wengine wako kanisani. Mimi nimekaa juu ya gogo na daftari. Majedwali niliyanakili jeshini kwa mkono, sajini akisinzia.

Hesabu yenyewe si uchawi. Joto hutoka chumbani kwa njia tano: kuta, vioo, paa, sakafu, na hewa inayopenya kwenye nyufa. Unapima ukubwa wa kila njia kwa futi, unazidisha kwa namba yake ya kitabu, unajumlisha. Jumla unaizidisha kwa ile tofauti ya nje na ndani. Umepata joto linalopotea kwa saa moja. Rejeta lazima irudishe kiasi kile kile. Ikirudisha pungufu, chumba kinashuka mpaka kilingane nayo. Basi.

Chumba ni futi kumi na nane kwa kumi na mbili, kwenda juu tisa. Kilivyo sasa, mabati matupu, kinataka mbavu arobaini na moja. Karibu nusu ya joto inatoka juu. Nikiweka dari ya mbao na kumwaga unga wa mbao juu yake: ishirini na saba.

Kumi na nne za Bwana Pelham, hata na dari hiyo, zitatupa digrii hamsini na saba alfajiri ya Julai. Nimerudia hesabu mara tatu. Hamsini na saba.

Jumatatu, 10 Juni

Kikao ofisini kwa Sista. Nikaweka daftari mezani. Bwana Pelham hakulitazama. Alisema amejenga nyumba tatu nchi hii na hajawahi kuhitaji fundi wa kumhesabia moto. Sista alilitazama. Alifuata mistari kwa kidole, akauliza namba ya vioo imetoka wapi, nikamwonyesha. Akauliza kama nina hakika.

Nikasema ninayo.

Akasema basi ni ishirini na saba. Bwana Pelham alisimama, akavaa kofia. Akasema ikishindikana ataandika kwa Ramji, na Ramji atatafuta fundi mwingine. Na Sista ataieleza kamati mwenyewe kwa nini alimwamini huyu.

Huyu ni mimi. Nilikuwa nimesimama pale pale.

Nina hasira. Pia nina hofu kidogo. Vyote viwili.

Alhamisi, 13 Juni

Nakuru. Nyuma ya karakana kuna mbavu kumi na tatu zilizotupwa, zimeota kutu, kuku wa jirani wanatagia katikati yake. Ramji amesema nichukue, zimemziba njia miaka. Nimezijaza maji na kuzipiga presha moja moja. Zote zimeshika. Kumi na tatu na kumi na nne ni ishirini na saba. Mara chache mambo yanakaa sawa.

Rasoa amepika omena. Tumekula. Hapa Bondeni majirani wanaitana Mama fulani, Mama fulani. Yeye wanamwita Rasoa tu. Nimelisikia leo kama sikuwahi kulisikia.

Jumatatu, 17 Juni

Dari. Kiwanda cha mbao kimetoa makombo ya mbao na magunia kumi na mawili ya unga. Maseremala wawili niliofanya nao kazi mwaka jana wamekuja baada ya zamu yao. Hawakuuliza ni ya nini. Wanajua.

Unga wa mbao umeingia puani, masikioni, kwenye chai.

Alhamisi, 20 Juni

Kuunganisha mbavu. Kati ya ubavu na ubavu kuna pete ya chuma yenye meno ya skrubu pande mbili, upande mmoja yanazungukia kulia, mwingine kushoto. Unaizungusha kwa ufunguo mrefu kutoka ndani na mbavu zinavutana zenyewe. Ukiharakisha upande mmoja, zinakaa mshazari na zitavuja maisha yako yote. Robo juu, robo chini. Siku nzima robo juu, robo chini. Napenda kazi hii. Haina maneno.

Rejeta mbili: ya kumi na nne chini ya madirisha, ya kumi na tatu ukuta wa mkabala.

Jumatatu, 24 Juni

Boila imewashwa. Maji ya moto yamepanda, ya baridi yamerudi chini, bila pampu, kama inavyotakiwa. Kiungo kimoja kimetoa tone. Nimekikaza.

Jumanne, 25 Juni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nje thelathini na tisa. Ndani ya chumba kitupu: sabini na sita.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilisimama katikati ya chumba nimevaa shati tu.

Sista alikuja na gauni la kulalia na koti juu yake, akasoma themometa, akaisoma tena kwa miwani. Akanipa mkono. Kesho akina mama wanahamia. Tabitha amesema kuanzia hapo mwanamume haingii mpaka abishe hodi na asubiri. Ni sawa. Hata kwetu Maragoli baba haingii ovyo kwenye nyumba ya mzazi.

Ijumaa, 28 Juni

Nakuru. Mfereji wa choo wa duka moja. Kazi ya kawaida.

Rasoa aliuliza kama ile ya Elburgon imeisha. Nikasema imeisha. Alitaka kuuliza kingine, nikaona, halafu akachukua ndoo akaenda kuteka maji, na ndoo nyingine ilikuwa imejaa.

Jumanne, 2 Julai

Barua ya Sista, imeletwa na dereva wa lori la mbao. Mistari minne. Chumba kiko digrii sitini alfajiri, siku tatu mfululizo. Moto unawaka vizuri. Kuna mtoto wa ratili tatu na nusu. Tafadhali njoo.

Barua ya Bwana Pelham kwa Ramji imefika saa hiyo hiyo. Ramji hakunisomea. Aliikunja, akasema, "Fundi, nenda katengeneze. Halafu tutaongea."

Sitini. Nimekaa na daftari. Sioni kosa. Nimepita kila mstari. Kosa ambalo halionekani ni baya kuliko linaloonekana.

Jumatano, 3 Julai

Elburgon. Nilianza na boila. Maji yanatoka ya moto sana, yanarudi ya moto sana. Hapo tayari kuna jambo. Rejeta ikifanya kazi, maji hurudi yamepoa. Haya yanazunguka na joto lake kama mgeni aliyekataa kuvua koti.

Nilibisha hodi. Nikasubiri sana. Ndani nilisikia nyayo, vitambaa, Tabitha akiamrisha. Nikaingia. Akina mama wanne vitandani, wamejifunika vizuri. Rejeta zote mbili safi, moto, hakuna hewa ndani. Nilifungua vali ya kutolea hewa, maji yakaruka mara moja. Madirisha yamefungwa. Dari iko sawa. Themometa, saa tano asubuhi: sitini na sita.

Yule mtoto mdogo ni wa Chebet, mke wa mkata magogo wa kiwandani. Msichana. Nilimtazama kidogo tu. Ngozi yake inaonyesha mishipa.

Alhamisi, 4 Julai

Alfajiri sikuruhusiwa kuingia. Tabitha alinipa namba kupitia mlangoni: sitini. Nje thelathini na nane.

Bwana Pelham amepita. Alisimama mlangoni mwa boila, akaniangalia nikiwa nimelala chini ya bomba.

"Wewe na kitabu yako," alisema, akaenda.

Nilikuwa na jibu, ila sikuwa na namba ya kulithibitisha.

Nimefungua kila kiungo kinachofunguka. Kama nimekosea mbavu, basi nimekosea mbele ya watu, na Sista ameniunga mkono bure. Lakini hilo si la kwanza. La kwanza ni msichana wa Chebet, anayelala kwenye digrii sitini kwa sababu nilisema nina hakika.

Ijumaa, 5 Julai

Siku mbaya.

Alfajiri Tabitha alitoka mbio kunitafuta nichochee moto. Nilichochea mpaka boila ikaanza kugonga. Ndani mtoto alikuwa amebadilika rangi. Nilimwona kupitia mlango uliokuwa wazi. Rangi ya risasi. Tabitha alimvua nguo zote, akamtia ndani ya gauni la mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunga wote wawili kwa shuka na mablanketi kama furushi. Wakakaa hivyo. Baada ya muda mrefu akalia. Kilio chembamba.

Niliketi nje kwenye kuni.

Nilipobisha hodi baadaye kwenda kukagua tena, ilikuwa vile vile: subiri, nyayo, vitambaa, ingia. Rejeta safi. Lakini safari hii nilipiga magoti, na chini ya rejeta sakafu ilikuwa na maji. Nikafikiri, hatimaye, inavuja. Nilipapasa kila ubavu, kila pete. Pakavu. Maji kwenye sakafu, chuma kikavu. Nikachovya kidole, nikaonja.

Sabuni.

Na katikati ya ubavu wa sita na wa saba, uzi mweupe wa pamba umeungua.

Nikamgeukia Tabitha. Nikauliza nini huwa hapa nikiwa sipo. Akina mama walitazama ukuta. Mmoja akavuta shuka usoni. Tabitha hakuona haya.

"Nepi," alisema. "Nepi, na shuka, na sweta za watoto. Nje ni manyunyu wiki nzima. Hii chuma iko moto. Wewe ulitaka tukaushie wapi, kwa mawingu?"

"Na kwa nini mnazitoa nikija?"

"Fundi, wewe ni mwanamume. Utaonyeshwa nepi za wazazi?"

Na Sista? Sista anapita saa nne, nao saa tatu na nusu wanazitoa, kwa sababu hapendi wodi yenye nguo. Saa tano zinarudi. Jioni zinajazwa tabaka tatu, na hivyo ndivyo zinavyolala. Rejeta zangu zote mbili zimevishwa.

Nilihesabu kuta, vioo, dari, sakafu na hewa. Nilipima chumba kitupu. Kila nilipoingia walikuwa wamekifanya kitupu tena kwa heshima yangu.

Jumamosi, 6 Julai

Jana mchana Sista alikataza nguo kwenye rejeta. Aliandika karatasi na kuigongomea ukutani juu ya rejeta. Wawili kati ya wanne hawasomi, ila wote wameelewa.

Kwa hesabu yangu, rejeta zikiwa wazi, alfajiri ingekuwa sabini na nne. Ilikuwa sabini na nne.

Jumapili, 7 Julai

Alfajiri sitini na tatu. Usiku nepi zilirudi juu ya rejeta.

Sista amewakasirikia. Mimi siwezi. Nepi mbichi ikirudi kwa mtoto inamnyonya joto haraka kuliko ukuta wowote. Zisipokauka, wanachagua kati ya mtoto aliyelowa na chumba cha baridi. Wakati wa giza walichagua chumba cha baridi. Mimi pia ningechagua hivyo.

Kosa si lao. Nimemwambia Sista hivyo mbele ya Bwana Pelham, aliyekuwa amekuja kwa ibada. Nilisema: mbavu ni sawa, hesabu yangu ndiyo ilikuwa na pengo, niliisahau kazi ya chumba. Bwana Pelham alisema, "Aha." Iliniuma, lakini kidogo kuliko nilivyotegemea.

Nimemwomba Tabitha hesabu nyingine. Nepi nane kwa mtoto kwa siku, watoto watano, kwa kuwa mama mmoja ana pacha. Arobaini. Kila moja ikikamuliwa vizuri ina nusu ratili ya maji. Ratili ishirini. Kitabu hakina ukurasa wa nepi, lakini kina namba ya kukausha maji, nikaitumia. Ni joto dogo, mbavu mbili tu. Maji hayakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kufunikwa. Chuma kilichofunikwa hakitupi joto hata kikiwa na moto kiasi gani.

Kwa hiyo wapewe chuma kingine cha kufunika.

Jumanne, 9 Julai

Bomba la inchi moja na robo, futi sitini, kwenye ukumbi mwembamba kati ya chumba na bafu. Safu sita, moja juu ya nyingine, kwenye maji yanayorudi boila. Kiwanda kimetoa mabomba ya zamani. Tabitha alisimama akipima kwa mkono: hapa juu mno, mama aliyejifungua jana hanyanyui mkono hivyo. Nikashusha. Hapa nepi mbili zitagusana. Nikapanua. Hakuna mhandisi aliyewahi kuniongoza vizuri hivyo.

Juu ya rejeta nimeweka vifuniko vya mbao vya mteremko, vyenye matundu. Kitu ukiweka kinateleza.

Ijumaa, 12 Julai

Tabitha mlangoni, alfajiri. Jana: sabini na tano. Leo: sabini na nne, nje thelathini na saba.

Ukumbini nepi arobaini zimepangwa, kavu, za moto. Niliruhusiwa kuziona. Inaonekana nimepandishwa cheo.

Msichana wa Chebet ameongeza wakia mbili. Wakia mbili ni uzito wa pete moja ya kuunganishia. Sista amemwandikia Ramji. Alinisomea: kwamba fundi ameona kosa lake mwenyewe na kulirekebisha. Ningependa lile neno kosa lisiwepo, lakini ni kweli.

Chebet hajui mimi ni nani. Ananiita mtu wa kuni.

Jumapili, 14 Julai

Nyumbani. Sikwenda kanisani. Rasoa pia hakwenda.

Nilimweleza yote. Chumba, dari, nepi, yule msichana. Nilifikiri atatoka nje. Alikaa. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Halafu akauliza mwaka jana kilikuwa digrii ngapi, usiku ule wa tatu.

Nikasema hakuna aliyepima.

Akasema, "Wewe si unajua kuhesabu."

Nikatoa daftari. Hesabu ile inaweza kwenda kinyume. Unaanza na joto lililokuwapo, unagawa kwa linalopotea, unapata chumba kilisimama wapi. Hakuna dari. Jiko limetolewa. Shajara yangu ya mwaka jana inasema asubuhi ile umande uliganda kwenye nyasi, kwa hiyo nje nikaweka thelathini na sita. Joto la ndani: taa moja ya mafuta, na akina mama wanne, kwa sababu kitabu kinampa mtu mzima namba yake pia. Watoto sikuwahesabu. Kitabu hakina mtu mdogo hivyo.

Arobaini.

Nilirudia, naye akitazama penseli. Arobaini. Nikamwambia. Nikamwambia pia mtoto alihitaji sabini na tano.

Mwaka mzima nilijua mama yangu amemwambia maziwa yake hayakuwa na nguvu. Nilijua na sikusema kitu, kwa kuwa sikuwa na la kusema. Hilo nalijutia.

Aliweka kidole juu ya namba ile. Halafu akasema, "Kwa hiyo hayakuwa maziwa yangu."

Nikasema hapana. Ilikuwa nyumba.

Akaomba ile karatasi. Niliichana daftarini nikampa. Hasomi hesabu. Aliikunja mara nne, akaiweka ndani ya kitambaa anachofungia vitu vyake, akaenda kuwasha moto wa chai.